Eeddo na Ngamia wa Kitambaa

Mtu wa kwanza kunitukana mjini Garissa ndiye ninayemshukuru kuliko wote. Nilikuwa nimetoka Hola na cherehani yangu ya mguu, nimepanga kibanda pembeni mwa soko, simjui mtu, na Kisomali changu chote kilikuwa salamu moja. Akaja mwanamke mrefu, mwembamba, amejitanda shuka la kahawia. Akaichukua kanzu niliyokuwa nimeitundika nje kuvutia wateja, akaipindua, akaukagua mshono wa kwapani.

"Wewe fundi, hii umeshonea mtu ama gunia?"

Nikawaka. Nikamwambia kama haimpendezi airudishe alipoitoa. Akacheka meno yote nje, akaketi kwenye benchi langu bila kukaribishwa.

"Sasa najua unaweza kusema. Mimi nataka nguo ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi mkubwa. Iko na ofisi."

Nikamshonea mbuzi koti la kaki lenye mifuko minne. Alipolirudisha mara ya tatu ili nipunguze mabega, nikauliza mbuzi mwenyewe yuko wapi nimpime. Akamtoa kwenye mkoba. Alikuwa kikaragosi wa kitambaa, hana macho wala mdomo, pembe zake za mti. Akaingiza mkono ndani, na yule mbuzi akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kwa dharau ambayo sijapata kuiona hata kwa binadamu. Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke.

Mji mzima ulimwita Eeddo. Kwa Kisomali eeddo ni shangazi, dada wa baba, nami sitampa jina jingine hapa. Kwao mkubwa humrudishia mdogo neno lile lile: ukimwita eeddo, naye anakuita eeddo. Siku za mwanzo nikadhani ananizeesha makusudi.

"Eeddo, mimi ni mdogo kwako!" nikamlalamikia.

"Najua, eeddo," akanijibu. 

Mchezo wake wa vikaragosi, ambao hadi juzi vijana wa Garissa hawakuujua kabisa, haukuanzishwa naye. Zamani, tulipokuwa bado mkoa, kabla ya kaunti, walikuja vijana wa shirika fulani kutoka Nairobi na sanduku la vikaragosi kufundisha akina mama habari za chanjo. Walikuwa vijana wenye adabu, lakini hadithi zao zilitungwa kwingine, na watu waliwatazama jinsi unavyomtazama mgeni anayeuliza njia. Shirika lilipofunga kazi, sanduku likaachwa kwa mwanamke aliyekuwa akisuka mikeka ya kuketia watazamaji, maana hakukuwa na mwingine wa kulibeba. Akalifungua, akaona watu wenye pua kubwa na midomo ya kufunguka. Akasema, "Hawa wanasema sana kabla hawajatembea."

Sheikh wa mtaa akamwita, akamwambia kwa upole kwamba zile sura zinamtia wasiwasi. Eeddo hakubishana. Aliketi na wembe akatoa macho, akatoa pua, akashona midomo, wengine akawageuza kuwa wanyama. Kisha akamrudia. "Sheikh, sasa hawana sura. Wako na tabia peke yake." Sheikh akacheka, akasema tabia hazina katazo. Tangu siku hiyo, kila mchezo ulipoanza, sukari ilikuwa inaisha nyumbani kwa sheikh, na duka la sukari lilikuwa mkabala na uwanja wetu.

Ndiyo maana alihitaji fundi. Kikaragosi asiye na uso hujulikana kwa nguo na kwa mwendo wake. Mwendo aliutoa mwenyewe. Alikuwa akikaa sokoni siku nzima anasuka ukili na kutazama miguu ya watu. Nguo zilikuwa zangu. Nilianza kwa koti la mbuzi, nikaja kujikuta nimo ndani ya jukwaa nashikilia miguu ya nyuma ya fisi. Tulikwenda Ifo, kule kambi ya wakimbizi, na mchezo wa mbuzi anayekataa kuhama. Wanawake wakacheka, wakalia, wakataka turudie tangu mwanzo. Tulikwenda Bute, alikokulia, ambako kila mtu alijua mbuzi wa ofisi ni nani isipokuwa mwenye ofisi.

Jukwaa lenyewe lilikuwa nyumba. Namaanisha nyumba hasa, ile ya fito na mikeka ambayo Wasomali wa kuhamahama huiita aqal. Kuijenga ni kazi ya mwanamke na ni mali ya mwanamke. Mwanamume, hata awe mume, hupiga hodi. Eeddo aliijenga kila tulipofika, akaacha tundu upande mmoja vikaragosi vichungulie. Siku moja mkubwa mmoja wa ofisi aliona mbuzi anatembea kama yeye, mikono nyuma. Akaja amefura kuufunga mchezo. Akafika mlangoni, akasita. Watu wote wanatazama, na nyumba ya mwanamke haiingiliwi.

"Toka nje!" akapiga kelele.

Mbuzi akachungulia tundu. "Mwenyewe hayuko," akamwambia. "Acha ujumbe."

Mimi ndani nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mtandio. Mkubwa alisimama, akaangalia mikeka, akaangalia umati, na mwisho akaondoka huku mikono ameiweka mbele, kwa makusudi. Watu walimpigia makofi, maskini, naye akatabasamu.

Msidhani basi kwamba Eeddo alikuwa mwanamke wa mdomo popote. Ndani ya ile mikeka aliwasema wazee, wafanyabiashara, wake wenza na wanaume wanaolala wakati wa kuchota maji. Akitoka nje, mbele ya wanaume sauti yake ilishuka mpaka unamsogelea umsikie. Aliwacheka wenye woga, na yeye mwenyewe alikuwa akimkimbia kuku. Aliwasema waongo, na umri wake kila mwaka ulikuwa ule ule. Chai yake ilikuwa na sukari ya kumtosha nyuki mmoja, lakini ukiugua alikuletea maziwa ya ngamia mpaka unayakimbia. Makofi aliyachukia. "Mtu akipiga makofi amemaliza kufikiri," alisema. Nilipomkumbusha kwamba watu wanapiga makofi kwa furaha, akasema basi wafurahi na mikono chini.

Kuna msemo wa kwao aliopenda: amani na maziwa, vita na ukame. Aliusema kwa kila jambo, hata uzi ukikatika. Mimi niliuelewa siku moja tu. Ilikuwa ile miaka ya hofu, wageni kama mimi wakishambuliwa, watu wa bara walikuwa wanafunga virago wanaondoka Garissa, na kila jirani yangu kwenye safu ile ya vibanda alikuwa amekwenda. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshaanza kufunga cherehani kwa kamba. Eeddo akaja asubuhi na mkeka, akautandika mlangoni pangu, akaketi, akaanza kusuka.

"Unafanya nini, Eeddo?"

"Hapa iko kivuli nzuri."

Hapakuwa na kivuli. Alikaa pale kutwa, na kesho yake, na keshokutwa, wiki kwa wiki. Kila apitaye alilazimika kusimama amsalimu, na akishamsalimu amenisalimu na mimi. Hakunishika mkono wala hakunipa hotuba. Nikaifungua ile kamba. Wanangu wamesomea Garissa, msikiti wa jirani na kanisa letu tunaazimana viti, na mimi nipo hapa hadi leo kwa sababu ya mkeka ule. Mwenyezi Mungu amlipe, mimi sina cha kumlipa.

Sasa niseme habari ya ngamia, maana ndiyo iliyoua mchezo wetu.

Katika vikaragosi vyote, mkuu alikuwa ngamia jike mlafi. Alifika kisimani kabla ya wenzake, akasema kwa unyenyekevu, "Nalowesha midomo tu," akanywa kisima kizima. Hadithi zote za Eeddo zilikuwa zinaelekea kwenye kisima kile. Wengine walisema, wakagombana, wakaoana, lakini watu walikuwa wanamngoja ngamia. Alikuwa wa blanketi kuukuu, shingo ndefu, anahitaji watu wawili. Na kwa kuwa hakuwa na uso, Eeddo alimtia chapa shingoni kwa uzi mwekundu, kama mifugo inavyotiwa kwa chuma cha moto. Ngamia asiye na chapa ni ngamia aliyepotea, na aliyepotea watu humhurumia. Yeye alitaka achekwe. Aliibuni chapa mwenyewe, mistari miwili na duara chini yake, kwa uangalifu, isije ikawa ya mtu anayemfahamu.

Tukafika Hadado, upande wa Wajir, siku ya mnada wa mifugo. Ngamia akalowesha midomo. Watu hoi kwa kicheko. Mara akasimama mzee mwenye ndevu za hina, fimbo juu.

"Simamisheni! Huyo ngamia ni wetu."

Mistari miwili na duara. Ilikuwa chapa ya familia yake tangu enzi za babu zake, na pale Hadado hata mtoto aliijua.

Wazee wakaketi. Nami nikasubiri waseme ni utani, twende zetu. Walicheka, ndiyo, lakini huku kesi inaendelea. Mmoja alisema blanketi ni la mwenye blanketi. Mwingine akamjibu kwamba chapa haiulizi ngozi. Jua likageuka, chai ikaletwa, na hukumu ikatoka: ngamia ni wa familia ya mzee. Mama huyu hakuiba, alikuwa naye bila kujua ni wa nani, na ashukuriwe kwa kumtunza. Akiwa na mchezo, mwenye mali atamleta, atakaa naye mpaka umalizike, kisha atarudi naye nyumbani.

Eeddo akainamisha kichwa, akakubali. Akaenda mwenyewe ndani ya mikeka, akamtoa ngamia, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Kwenye lori nilimjia juu. "Eeddo, huyu umemshona kwa mkono wako! Basi tushone mwingine, vitambaa ninavyo tele."

"Nikikataa hukumu ya ngamia ya kitambaa," akasema, "kesho nani atakubali hukumu ya ngamia ya nyama?"

"Lakini wewe unamtaka?"

"Namtaka sana. Lakini nikishona mwingine, nimesema wazee wamekosea. Yeye atarudi kwa haki, ama hatarudi." Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa ncha ya shuka akisema ni vumbi tu. Na vumbi kweli lilikuwepo, lakini mimi nilikuwa na vumbi lile lile na sikulia.

Basi tukaishi hivyo. Tukitaka kucheza, Eeddo anatuma salamu Hadado, na mzee wa ndevu za hina anakuja kwa basi, ngamia kwenye mfuko wa turubai mapajani. Aliketi mbele kabisa kama mchungaji, fimbo magotini. Alilalamika kwamba tumemweka ngamia juani. Alilalamika kwamba amekonda, na kweli pamba ilikuwa imeshuka. Siku moja alisimama katikati ya mchezo akasema inatosha, ngamia amechoka na hajanywa maji.

"Amekunywa kisima kizima!" Eeddo akamjibu kutoka ndani ya mikeka, kwa sauti ya ngamia mwenyewe.

Watu walikuja kuwasikiliza wale wawili kama walivyokuja kwa mchezo. Mchezo ukiisha, wale wawili walinywa chai ile ya nyuki mmoja, kila mtu kwenye mkeka wake, wakizungumza habari za malisho kwa heshima kubwa. Nadhani hakuna mtu aliyemwelewa Eeddo kama mzee yule, na kila mmoja angekana.

Kisha mzee akaugua Hadado, muda mrefu, na akafariki. Tulikwenda kutoa pole. Eeddo aliketi na wanawake, akasoma dua, na mfuko wa turubai ulikuwa umening'inia kwenye fito, tunauona wote wawili. Hakuuliza. Msibani hapadaiwi mali, na tena haikuwa mali yake. Watoto wa marehemu wakatawanyika, huyu Wajir, huyu Nairobi, huyu na mifugo. Hakuna aliyemleta ngamia tena. Mialiko ilikuja, na Eeddo alijibu jibu moja: ngamia hayupo. Mialiko nayo ikaacha kuja. Watoto wakapata simu. Macho ya Eeddo yakaingia ukungu, magoti yakagoma, akahamia kwa binti yake. Fito zikageuka kuni. Nilimwambia tena nishone mwingine, mara nyingi, nikamsihi hata. Alitikisa kichwa. Lakini kila nilipokwenda kumtazama aliuliza swali lile lile: "Mvua imenyesha Hadado?" Na mimi nilijua si mvua anayoiuliza.

Mwaka huu, baada ya masika, nilikuwa kwake nikimpima gauni la Idi. Mlangoni akabisha mwanamume mwenye mvi kidogo, viatu vina vumbi la safari. Alikuwa mwana mkubwa wa mzee wa Hadado, yule wa kuhamahama na mifugo. Wakajuliana hali kwa Kisomali, ambacho siku hizi nakielewa vizuri: ni amani? Ni amani. Mifugo? Ni amani. Ikawa amani mpaka chai ikafika.

"Eeddo," akasema, "tumechelewa kugawana alichoacha baba, na katika kugawana tumekuta wasia aliouacha kwa mama yetu. Kwetu anayemchunga ngamia wa mtu hulipwa ndama. Wewe ulimchunga wetu kabla hata hatujajua tunaye. Baba aliona aibu kwamba hukulipwa."

Akatoa kwenye mfuko wa nailoni kitu kidogo cha blanketi, akakiweka mapajani mwa Eeddo. Alikuwa ndama wa ngamia. "Alimshona mwenyewe kitandani," akasema. "Tulidhani homa imempanda kichwani."

Nimeona mishono mibaya maishani, mingi ikiwa yangu. Ile ilikuwa mishono ya mtu aliyezoea kushona magunia ya kubebesha ngamia, uzi wa katani, miguu haikulingana hata miwili. Nilitaka kucheka nikajikuta nimeshika leso. Eeddo alimpapasa ndama taratibu kwa vidole, maana macho hayakumtosha. Mgongo, masikio, shingo. Shingoni hapakuwa na kitu.

"Hana chapa," akasema.

"Baba alisema wa kutia chapa ni wewe."

Akamwinamia ndama. Binti yake naye akaja akasimama mlangoni na birika. Mimi nikajua Eeddo analia, na nilikosea.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mama wa ndama."

"Yuko nyumbani Hadado, Eeddo. Yuko salama."

"Huyu ameachishwa kunyonya?"

Yule bwana akanitazama mimi, kana kwamba fundi cherehani ndiye angemsaidia.

"Nakuuliza wewe, mtoto wa wafugaji," Eeddo akasema, na sauti haikuwa tena ile ya chini ya mbele ya wanaume, ilikuwa ile ya ndani ya mikeka. "Huyu ndama uliyemleta, ameacha kunyonya ama bado?"

"Yaani... bado. Ni mdogo."

"Na kwenu Hadado, ni nani anayemtenga ndama anyonyaye na mama yake?"

 Uso ukamfunguka bwana polepole, akaanza kutabasamu, na hapo nikamwona baba yake mzimamzima. "Ngoja," akasema. Akapiga simu kwa wazee, akaiweka sauti kubwa.

Akaeleza. Kule Hadado kukazuka mabishano, sauti tatu nne kwa pamoja, mbuzi wanalia nyuma yao. Mzee mmoja alisema ngamia ni wao, hilo lilikwisha. Mwingine akasema hakuna aliyelikana, swali ni maziwa.  Halafu mmoja akacheka mpaka akapaliwa na kukohoa, akapewa maji, na aliporudi kwenye simu alitoa hukumu kwa sauti ya hukumu: ngamia ni wa familia, ndama ni wa mama huyo, na mama wa ndama amfuate mwanawe, akae naye Garissa mpaka ndama aachishwe ziwa. Akishaachishwa, arudi Hadado.

Hapo nililia waziwazi, sikujali gauni la Idi. Binti yake alicheka mpaka akaiweka birika chini. Eeddo hakulia wala hakucheka. Alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya ndama, na yule ndama mwenye miguu isiyolingana akainua shingo, akanigeukia, akaanza kutafuta ziwa kwenye mtandio wangu.

Ngamia alifika kwa basi la Wajir, amelipiwa kiti. Nimemwongeza pamba shingoni, binti amejifunza kujenga nyumba ya mikeka, na Ijumaa baada ya swala ya alasiri watoto wamejaa nyuma ya soko. Wazee wa Hadado si watu wa kusahau mali yao. Hupiga simu, wanauliza mvua, wanauliza afya, mwisho wanauliza lile jambo. Eeddo huishika simu kwa mikono miwili na kuwajibu kwa adabu zote kwamba bado ananyonya.